Viti vya Mbao vya Marekani ya Awali: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kazi yangu ni useremala, na kwa miaka mingi sasa sehemu iliyonikaa moyoni zaidi ni kuchunguza na kukarabati viti vilivyotengenezwa Marekani kabla mashine hazijachukua nafasi ya mkono. Wanaoniletea viti hivyo, na hata wanaopita tu wakavikuta vimepinduliwa juu ya meza yangu, huuliza mambo yanayofanana. Haya ndiyo majibu ninayowapa. Karibu yote yanarudi kwenye jambo moja: kiti husomwa kwenye maungio yake, na maungio hayaonekani mpaka mtu akubali kukipindua kiti miguu juu.

Tunapozungumzia viti vya Marekani ya awali, tunakusudia kipindi gani?

Ni miaka 200 hivi, tangu Waingereza walipoanzisha makazi ya Plymouth, Massachusetts, mwaka 1620, hadi miaka ya 1830 na 1840, wakati ambapo msumeno wa mviringo na mashine zilizoendeshwa kwa nguvu za maji zilikuwa zimeshaingia katika karakana nyingi. Hata hivyo, mpaka huo si wa kukatwa kwa rula. Katika milima ya Appalachia watu waliendelea kutengeneza viti kwa mkono hadi karne ya 20, wakifuata njia zilezile za babu zao, na ndiyo sababu umri wa kiti haukisiwi kwa umbo peke yake.

Viti vya kwanza kabisa vilikuwaje?

Katika nyumba nyingi za karne ya 17 kiti kilikuwa kimoja, au hakikuwepo kabisa. Watu walikalia mabenchi, vigoda na masanduku, na kiti chenye egemeo na mikono kilikuwa cha mwenye nyumba au cha mgeni wa heshima.

Viti vya wakati huo vilitoka kwa mafundi wa aina mbili. Wa kwanza ni mkerezaji, aliyefanya kazi kwa kerezo, chombo kinachouzungusha mti ili uchongwe mviringo: nguzo nne nene za mti wa eshi au wa mepo, zilizokerezwa na kuunganishwa kwa fito na vijiti vya mviringo. Wakusanyaji wa baadaye waliviita viti vya Carver, kwa jina la gavana wa kwanza wa Plymouth, John Carver, na vya Brewster, kwa jina la mzee wa kanisa, William Brewster. Tofauti yake huonekana upesi, kwa sababu kiti cha Carver kina vijiti kwenye egemeo tu, ilhali cha Brewster kina safu za vijiti hata chini ya mikono na chini ya sehemu ya kukalia. Kiti kinachohusishwa na Brewster mwenyewe kimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Pilgrim Hall, mjini Plymouth.

Fundi wa pili ni yule aliyeunga mbao kwa ulimi na tundu, yaani ncha ya ubao mmoja kuingia kwenye tundu la mwingine, na kufunga maungio kwa vigingi vya mti. Huyu alitengeneza viti vizito vya mwaloni vyenye egemeo la ubao mpana uliojaa nakshi. Thomas Dennis wa Ipswich, Massachusetts, aliyefariki mwaka 1706, ndiye anayetajwa mara nyingi zaidi. Nakshi zake za majani na maua yanayopandana hazikuacha mahali patupu, na anayeziona kwa karibu hutambua kwamba mkono uliozichonga ulijifunza kazi mashambani Uingereza, ukavuka bahari nayo.

Ni kweli kwamba mafundi walitumia mbao mbichi? Seremala wa leo anaogopa mbao mbichi kuliko kitu chochote.

Ni kweli, na hapa ndipo ulipo ustadi wenyewe. Seremala wa kabati anaogopa ubao mbichi kwa sababu utajipinda na kupasuka. Fundi wa viti hakuanza na ubao; alianza na gogo, tena la mti uliokatwa siku chache tu zilizopita.

Chukua gogo la mwaloni lenye urefu wa mita moja na nusu, lisilo na vifundo. Kabari ya chuma inawekwa kwenye kichwa chake, nyundo inashuka mara mbili, mara tatu, kisha ufa unakimbia wenyewe hadi mwisho kwa sauti ya kitambaa kinachochanwa, na harufu kali ya mti mbichi inajaa karakana. Ufa haufuati mstari wa fundi, unafuata nyuzi za mti. Msumeno hukata nyuzi popote zinapopinda, na kila uzi uliokatwa ni mahali pa kuvunjikia. Kijiti kilichopasuliwa kina nyuzi zisizokatika toka ncha hadi ncha, hivyo kinaweza kuwa chembamba kama kidole cha mtoto na bado kubeba mgongo wa mtu mzima anayeegemea kila siku. Isitoshe, mbao mbichi ni laini kuchonga. Kisu cha mikono miwili kinazivua kama ganda la muhogo uliochemshwa, ilhali hikori iliyokauka inapigana na chuma.

Kisha yanakuja maungio. Mti unapokauka, karibu haupungui urefu, ila unapungua unene. Fundi alikausha ndimi za fito kando ya moto hadi zikawa kavu kuliko hewa ya nyumba, lakini mguu wenye tundu akauacha na unyevu kiasi. Akaugonga ulimi ndani ya tundu, akaviacha. Katika wiki zilizofuata ulimi ulivuta unyevu ukavimba, mguu nao ukakauka na kuubana. Kiti kikajifunga chenyewe. Nimewahi kushika viti vya aina hii vyenye umri wa zaidi ya miaka 150 ambavyo havijawahi kutiwa gundi wala msumari, na fito zake hazitikisiki.

Kiti cha Windsor ni kipi, na kwa nini kinasifiwa hivyo?

Jina ni la Kiingereza, na kiti hicho kilianza Uingereza mwanzoni mwa karne ya 18, lakini mafundi wa Philadelphia, kuanzia miaka ya 1740, walikifanya kiwe kitu kingine. Katika viti vya kawaida miguu ya nyuma hupanda moja kwa moja ikawa nguzo za egemeo. Katika Windsor, ubao mmoja mnene wa kukalia ndio moyo wa kiti: miguu inaingia kutoka chini, vijiti vya mgongo vinaingia kutoka juu, na hakuna kipande kinachotoka mguuni hadi kwenye egemeo.

Mpango huo ulimruhusu fundi kukipa kila kiungo mti unaokifaa. Ubao wa kukalia, wenye unene wa sentimita tano hivi, ulikuwa wa popla huko Philadelphia na wa msonobari mweupe katika majimbo ya New England, kwa kuwa miti hiyo ni laini na inachongeka kwa tezo hadi ipate umbo la mwili wa aliyekaa. Miguu ilikuwa ya mepo, mti mgumu wenye nyuzi zilizobanana, unaokerezeka hadi kwenye shingo nyembamba bila kuchanika. Upinde wa egemeo na vijiti vyake vilikuwa vya hikori, eshi au mwaloni, ambavyo hupasuka vizuri na, vikitiwa mvuke au maji ya moto, hupinda bila kuvunjika.

Jambo linalonivutia zaidi ni fito za chini. Wengi hudhani kwamba zinaivuta miguu isiachane. Katika Windsor nzuri ni kinyume chake: fundi aliziacha ndefu kidogo kuliko nafasi iliyopo, hivyo zinaisukuma miguu kwenda nje na kukaza kila ungio. Ncha ya mguu iliyotokeza juu ya ubao wa kukalia ilipasuliwa na kugongwa kabari. Kabari hiyo huwekwa ikikingama na nyuzi za ubao, maana ikiwekwa sambamba nazo itaupasua. Ukitazama kwa mwanga wa pembeni utaona duara dogo lililokatwa na mstari katikati, na ukipitisha kidole utahisi kwamba limeinuka kidogo, kwa sababu ubao ulisinyaa lakini mguu haukufupika.

Nani alikalia viti hivyo?

Kila mtu, na hilo si la kawaida katika historia ya samani. Vilikuwa vya bei nafuu, vyepesi na imara, hivyo viliwekwa mashambani, katika nyumba za wageni, na pia serikalini. Francis Trumble wa Philadelphia aliuza viti vya Windsor kwa jengo la serikali la Pennsylvania, ambalo leo linaitwa Independence Hall, katika miaka ya mapinduzi. Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, alikuwa na Windsor inayozunguka juu ya mhimili wake, na kiti hicho kinatunzwa na American Philosophical Society mjini humo. George Washington naye aliagiza viti vya Windsor kutoka Philadelphia mwaka 1796, na orodha ya mali iliyoandikwa baada ya kifo chake mwaka 1799 ilihesabu viti 30 vya aina hiyo katika baraza ya nyumba yake ya Mount Vernon inayotazama mto Potomac. Msomaji wa Pwani hahitaji kuelezwa kwa nini mwenye nyumba anataka viti 30 barazani.

Mbona viti vizuri hivyo vilipakwa rangi, mbao zikafichwa?

Kwa sababu kiti kimoja kilikuwa na miti mitatu au minne isiyofanana, na rangi ilikifanya kionekane kitu kimoja, tena ikakikinga na mvua na jua. Rangi ya mwanzo iliyopendwa ilikuwa ya kijani, iliyotokana na kutu ya shaba iliyosagwa na kuchanganywa na mafuta ya kitani. Windsor iliyovuliwa rangi ikaachwa na mbao tupu, jinsi ilivyo katika maduka mengi, haifanani na ile iliyotoka mikononi mwa fundi wake.

Majina kama Queen Anne na Chippendale yana maana gani?

Ni majina ya mitindo iliyofuata ladha ya London kwa kuchelewa kidogo. Mtindo wa Queen Anne ulitawala huko Marekani takriban mwaka 1725 hadi 1755: miguu inayopinda kama mguu wa mbele wa mnyama, egemeo lenye ubao mmoja wa katikati uliokatwa kama chungu chenye kiuno, na mapambo machache. Wa Chippendale ulifuata hadi karibu mwaka 1790. Thomas Chippendale alikuwa seremala wa London aliyechapisha kitabu cha michoro mwaka 1754, na mafundi wa Marekani walichukua kwake ubao wa katikati uliotobolewa kwa nakshi na ncha za juu zilizotokeza kama masikio. Ule mguu maarufu wa ukucha ulioshika tufe Wamarekani walikuwa nao tayari, na kitabu hicho hakiuonyeshi. Baada ya uhuru miguu ilinyooka na kuwa myembamba.

Katika viti vya daraja hili hakuna mbao mbichi wala rangi. Ni mjozi au mahogani iliyokaushwa, ndimi za mstatili, gundi ya ngozi na vanishi.

Je, naweza kujua kiti kilitengenezwa katika mji gani?

Mara nyingi, ndiyo. Geuza kiti cha Chippendale utazame nyuma yake, mahali ambapo mbao za pembeni za sehemu ya kukalia zinakutana na miguu ya nyuma. Ukiona kichwa cha ulimi kimetokeza upande wa pili wa mguu, kuna uwezekano mkubwa kwamba ni kazi ya Philadelphia. Mafundi wa huko waliacha pia fito za chini, wakaiamini nguvu ya ungio hilo. Mafundi wa Boston waliendelea kuweka fito kwa muda mrefu zaidi, na kucha zao za pembeni zimerudi nyuma kwa ghafula, kama ndege anayetaka kuliachia tufe. Tufe la New York ni la pembe nne kidogo. Newport, Rhode Island, kuna viti ambavyo ukucha umechongwa ukatenganishwa na tufe, hata ukaweza kuona mwanga kati yake.

Alama moja haitoshi. Eliphalet Chapin alifanya kazi Philadelphia, kisha akarudi Connecticut na kufungua karakana yake East Windsor, na viti vyake vina ulimi uliopenya hadi nyuma kama vya Philadelphia. Kinachowatambulisha watu wa Connecticut mara nyingi ni mti, kwa sababu walipenda mcheri wa kwao. Kwa viti vya Windsor kazi huwa rahisi zaidi, kwani mafundi wengi wa mijini walichoma majina yao kwa chuma cha moto chini ya ubao wa kukalia.

Hiyo mahogani ni sawa na mkangazi wetu?

Hapana. Mkangazi wa Afrika Mashariki ni ndugu wa ukoo mmoja wa miti, lakini si mti uleule. Mahogani ya viti hivi ilitoka Jamaika, Kuba na mwambao wa Honduras, na iliyokata miti hiyo, ikaiburuta hadi mtoni, ilikuwa mikono ya Waafrika waliofanywa watumwa. Sidhani inafaa kusifu uwekundu wa mbao hizo bila kulitaja hilo.

Je, watu weusi walikuwa miongoni mwa mafundi wenyewe?

Walikuwa wengi, ingawa majina ya walio wengi hayakuandikwa popote. Katika karakana za kusini na hata za kaskazini, mtu aliyekereza miguu au kuchonga ubao mara nyingi alikuwa mali ya mwenye karakana kwa mujibu wa sheria ya wakati ule, na kiti kilitoka na jina la bwana.

Baadhi tunawajua. John Hemmings, aliyezaliwa mtumwa mwaka 1776, alikuwa seremala mkuu wa Monticello, nyumba ya Jefferson huko Virginia. Alitengeneza samani na mbao za nyumba, vikiwemo vile viti vya kulala chali kidogo, vyenye miguu iliyopishana kama mkasi, ambavyo Jefferson alivipenda uzeeni. Aliachwa huru kwa wosia wa Jefferson. Thomas Day, mtu mweusi aliyezaliwa huru mwaka 1801, aliendesha karakana Milton, North Carolina, ambayo kufikia mwaka 1850 ilikuwa kubwa kuliko zote za samani katika jimbo lile. Mwaka 1830, alipotaka kumleta mkewe kutoka Virginia, sheria ilikuwa inawakataza watu weusi huru kuingia jimboni, na wazungu wa mji wake ndio waliopeleka ombi kwenye bunge la jimbo ili aruhusiwe. Naye Day alimiliki watumwa waliofanya kazi katika karakana yake. Historia yake ni nzito, na inafaa isimuliwe bila kupunguzwa upande wowote.

Viti vya Shaker vina upekee gani?

Shaker walikuwa jumuiya ya kidini iliyoishi kwa ushirika, bila ndoa wala mali binafsi, na waliona kazi ya mikono kuwa sehemu ya ibada. Kiti chao ni kile cha zamani cha nguzo nne na mbao za mlalo kwenye mgongo, kilichoondolewa kila kisichohitajika. Ni chepesi kiasi cha kutundikwa ukutani kwenye vigingi ili chumba kifagiliwe. Sehemu ya kukalia ilisukwa kwa utepe wa pamba au sufi wa rangi mbili, kwa mpangilio ambao msuka mkeka angeutambua mara moja.

Kuna kitu kidogo ambacho nakipenda sana. Watu huegemeza kiti nyuma kwenye miguu miwili, na ncha za miguu huacha alama sakafuni. Shaker hawakukataza jambo hilo. Walichonga shimo kwenye ncha ya kila mguu wa nyuma, wakaingiza tufe la mti lenye uso bapa chini, likafungwa kwa ukanda wa ngozi, ili mguu ukiinama tufe lizunguke na uso bapa ubaki umelala sakafuni. Mwaka 1852 ndugu mmoja wa jumuiya hiyo, George O'Donnell, alipata hataza ya toleo la chuma. Baadaye Robert Wagan aliikuza biashara ya viti huko Mount Lebanon, New York, akaviuza kwa watu wa nje kwa namba za ukubwa, kuanzia 0 hadi 7.

Na kiti cha Hitchcock?

Lambert Hitchcock wa Connecticut alikuwa miongoni mwa waliotengeneza viti kwa mafungu ya viungo vinavyofanana, katika miaka ya 1820, vikapakwa rangi nyeusi na mapambo ya dhahabu yaliyopitishwa kwenye karatasi iliyokatwa, kazi iliyofanywa kwa kiasi kikubwa na wanawake. Alifilisika mwaka 1829. Jina lake limeandikwa nyuma ya sehemu ya kukalia, lakini kuanzia mwaka 1946 kiwanda kilifufuliwa na kutumia maandishi yaleyale, hivyo tafuta herufi R ndani ya duara kando ya jina, maana hiyo ni alama ya viti vipya.

Benjamin Franklin ndiye aliyebuni kiti cha kubembea?

La. Habari hiyo haina ushahidi. Angalia pia kwamba viti vingi vya kubembea vilivyo sokoni vilikuwa viti vya kawaida, ambavyo ncha za miguu yake zilikatwa baadaye ili zikae kwenye mbao za kubembea.

Nitatambuaje kwamba kiti ni cha kale kweli?

Anza kwa kipimo. Shika kipimo cha kubana, upime unene wa mguu uliokerezwa mahali pamoja, mara mbili, ya pili ukiwa umezunguka robo ya duara. Mti husinyaa karibu mara mbili zaidi kwa kufuata duara zake za ukuaji kuliko kuelekea kiini, hivyo mguu uliotoka kwenye kerezo ukiwa mviringo kamili, tena ukiwa na unyevu, haubaki mviringo. Kwenye mguu wa sentimita tano tofauti inaweza kufika milimita moja au zaidi. Mguu ambao ni mviringo kamili pande zote unakudai maelezo.

Kisha fuata uchakavu, ukijiuliza kila mara ni mwili gani uliosugua hapo. Ufito wa mbele huliwa na visigino vya waliokaa, juu na mbele, wala si chini. Mikono hung'aa mahali kiganja kinapotua. Vichwa vya nguzo za nyuma hubonyea kwa kugonga ukuta. Mwenye kughushi husugua kiti chote kwa usawa, au husugua mahali ambapo hakuna mtu angegusa.

Mwisho, chuma na alama za zana. Hadi miaka ya 1790 misumari ilifuliwa mmoja mmoja, na kichwa chake kina nyuso za nyundo; baada ya hapo ikaja ya kukatwa kwa mashine, na ya waya ikaenea mwishoni mwa karne ya 19. Skrubu yenye ncha kali haikutengenezwa kabla ya miaka ya 1840. Mikwaruzo ya upinde chini ya ubao ni ya msumeno wa mviringo, na haifai kuonekana kwenye kiti kinachodaiwa kuwa cha mwaka 1760.

Wataalamu nao hudanganywa?

Hudanganywa, na kisa kinachojulikana zaidi ni cha Armand LaMontagne, mchongaji wa Rhode Island. Mwaka 1969 alitengeneza kiti cha Brewster kwa nia ya kuwajaribu wajuzi, akakizeesha kwa kila njia aliyoijua, na jumba la makumbusho la Henry Ford huko Dearborn, Michigan, likakinunua kwa dola 9,000. Ukweli ulijulikana mwaka 1977. Alikuwa ametoboa matundu kwa keekee ya kisasa, na picha za eksirei zilionyesha alama ya ncha ya keekee hiyo ndani ya mbao, ilhali keekee ya karne ya 17, yenye umbo la kijiko, huacha tundu lenye kitako cha mviringo. Naliheshimu jumba hilo kwa sababu halikukichoma kiti wala kukificha. Lilikihifadhi ili watu wajifunze kwacho.

Nimerithi kiti chenye rangi iliyochakaa. Nikivue rangi na kukipiga msasa?

Tafadhali usifanye hivyo. Chini ya rangi unayoiona huenda kuna tabaka nne au tano, na ya chini kabisa inaweza kuwa ile ya karakana. Chembe moja ndogo chini ya hadubini inazionyesha kwa mpangilio, kama udongo kwenye ukingo wa korongo. Msasa hauondoi rangi tu, unaondoa pia alama za kisu na uso wa mbao ulioguswa kwa miaka 200, na hakuna fundi awezaye kuurudisha. Futa vumbi kwa kitambaa laini, paka nta ya nyuki kidogo mahali palipo na vanishi, uishie hapo.

Miguu imelegea. Nitumie gundi gani?

Gundi ya wanyama, ile inayoyeyushwa kwa maji ya moto. Inashika vizuri, na fundi wa baadaye anaweza kuilegeza kwa joto na unyevu bila kuumiza mbao. Nilipokuwa kijana nilitia gundi ya kisasa ya mchanganyiko wa chupa mbili kwenye ufito wa kiti cha mepo, nikajivunia jinsi ulivyokaza. Miaka michache baadaye kiti kilirudi. Gundi ilikuwa imara kama siku ya kwanza, na mguu ndio uliokuwa umepasuka kwa urefu wa kidole, kwa kuwa mbao zilitaka kusogea zikakosa pa kusogea. Kamwe usipigilie msumari kwenye ungio lililolegea.

Nakiwekaje nyumbani, hasa kwenye hewa ya Pwani?

Kinachoua kiti ni mabadiliko ya ghafula kuliko unyevu wenyewe. Unyevu wa hewa wa asilimia 40 hadi 55 ndio majumba ya makumbusho huulenga, lakini Dar es Salaam au Mombasa huwezi kuupata bila mashine, na mashine inayowashwa usiku na kuzimwa asubuhi ina madhara zaidi kuliko hewa ya kawaida iliyotulia. Kiweke mbali na dirisha la jua na upepo wa kiyoyozi. Chunguza chini yake kila mwezi. Unga laini sakafuni ni dalili ya wadudu walio kazini. Ukikibeba, kishike kwenye fremu ya sehemu ya kukalia, usikivute kwa ubao wa juu wa egemeo.

Viti hivi vina thamani kiasi gani?

Umbali kati ya kimoja na kingine ni mkubwa mno. Kiti cha kawaida cha mbao za mlalo kinapatikana kwa bei ya kiti kipya cha dukani. Kwa upande mwingine, mwezi Januari 1987 kiti kimoja chenye mabawa, yaani vipande vya pembeni vinavyokinga kichwa cha aliyekaa, kutoka Philadelphia, kilichokuwa cha Jenerali John Cadwalader na chenye miguu iliyochongwa kama ya mnyama mwenye manyoya, kiliuzwa kwenye mnada wa Sotheby's kwa dola milioni 2.75. Kwa viti vilivyo kati ya hivyo, uso usioguswa na viungo vyote vya asili ndivyo vinavyopandisha bei.

Kuna uhusiano wowote kati ya samani hizi na nchi zetu?

Upo, nao umo ndani ya vanishi. Marekani na Sultani Seyyid Said walitia saini mkataba wa biashara mwaka 1833, na mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa Salem, Massachusetts, alianza kazi Zanzibar akiwa balozi mdogo. Meli za Salem zilileta kitambaa ambacho bado tunakiita merikani, zikarudi na pembe za ndovu, karafuu, na sandarusi iliyochimbwa ardhini huko Mrima. Salem palikuwa na kiwanda cha Jonathan Whipple cha kuosha sandarusi hiyo, ikauzwa kwa watengenezaji wa vanishi za magari ya farasi na samani. Kwa viti vya karne ya 18 uhusiano huo haupo, lakini kiti cha Marekani kilichopakwa vanishi ngumu katikati ya karne ya 19 kinaweza kuwa kinang'aa kwa utomvu wa msandarusi wa pwani yetu.

Ni wapi naweza kuviona vilivyo bora?

Winterthur, Delaware, iliyokuwa nyumba ya Henry Francis du Pont na kufunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1951, ndiyo ninayoitaja kwanza. Metropolitan Museum ya New York ina jengo zima la sanaa za Marekani tangu mwaka 1924, na kijiji cha Shaker cha Hancock, Massachusetts, kina viti vilivyotundikwa ukutani kama walivyovitundika wenyewe.

Ukifika Philadelphia, ingia Independence Hall utazame kiti kimoja cha mahogani mbele ya ukumbi. Kilitengenezwa na John Folwell mwaka 1779, na juu ya egemeo lake limechongwa nusu jua lenye miale, lililopakwa dhahabu. Washington alikikalia mwaka 1787 katika mkutano wa kuandika katiba, na siku ya kutia saini mzee Franklin alisema kwamba kwa muda wote wa majadiliano alikuwa akilitazama jua lile asijue kama linachomoza au linatua, na kwamba sasa alikuwa na furaha ya kujua kuwa linachomoza. Wageni husimama kulitazama jua hilo. Mimi huinama kidogo kwenye kizuizi, nikajaribu kuona jinsi Folwell alivyoiunga mbao ya pembeni na mguu wa nyuma.